Mwaka Niliokaa Getini

Mwishoni mwa mwaka 2017 wazee wa usharika waliniita ofisini. Nilikwenda na begi langu la spana, kwa sababu mimi ni fundi wa majokofu na nilidhani friza la jikoni la kanisa limegoma tena. Kumbe walikuwa wamelijadili ombi langu. Kwa miaka mitatu nilikuwa naomba nitumwe Kiteto kufanya kazi ya uinjilisti kwa wafugaji, na siku hiyo walikubali, ila kwa sharti moja: nisiondoke Dar es Salaam mpaka nimekaa mwaka mzima nikijifunza Kimaasai.

Niliumia. Niliona wananichelewesha. Nikawaambia Kiswahili kinafika kila wilaya ya nchi hii, na pale kisipofika wapo wakalimani. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisimulia habari yake. Ujanani alihudumu Simanjiro miaka sita akihubiri kwa mkalimani. Siku ya kuagwa, mzee mmoja alisimama akamshukuru kwa moyo wote kwa kuwaletea yule kijana mkalimani, maana maneno yake yaliwafaa sana. Mchungaji hakucheka alipokuwa akinisimulia, nami sikucheka. Nikachukua begi langu nikaondoka.

Nimezaliwa Temeke. Baba ni Mpare wa Usangi, mama ni Mzigua wa Handeni, na nyumbani tuliongea Kiswahili tu. Nchi hii ina lugha zaidi ya 120, nami nimekua na moja, pamoja na Kiingereza cha darasani. Nakumbuka msiba wa babu kule Usangi: shangazi zangu wanaomboleza kwa Kipare, mimi nimekaa mkekani katikati yao kama mtu aliyekosea nyumba. Kwa hiyo nilipoambiwa nijifunze lugha nyingine sikujua hata pa kuanzia. Niliuliza habari za chuo, nikaulizia vitabu. Haikunijia akilini kwamba walimu walikuwa wamenizunguka pande zote.

Nilikuwa naishi Sinza. Kila geti la maana mtaani kwetu lilikuwa na Mmaasai amekaa na rungu lake na tochi. Jengo la ghorofa lililopakana na nyumba niliyopanga lilikuwa na mlinzi wa rika langu, na kwa miaka miwili nilikuwa nikipita pale usiku kutoka kazini namwambia, "Yero, habari ya lindo?" Naye ananijibu, "Nzuri, fundi." Basi. Sikujua alikotoka, sikujua kama ana watoto. Nilijua tu kwamba hasinzii.

Nilimwendea Januari 2018 na daftari jipya. Nikamweleza shida yangu, na kwa kuwa sikutaka kuonekana mnyonyaji, nikamwambia nitamlipa shilingi 5,000 kila somo, masomo mawili kwa wiki. Akanitazama kidogo, akasema sawa.

Wiki sita zile za mwanzo zilikuwa ngumu kwa namna ambayo sikuielewa. Nilikuwa nafika saa mbili usiku, nakaa kwenye ndoo, nauliza: maji mnasemaje? Enkare. Maziwa? Kule. Kichwa? Elukunya. Ng'ombe? Inkishu, hao ni wengi. Alijibu kila nilichouliza, na kila nilichouliza alikijibu kwa neno moja. Saa tatu ikifika nampa elfu tano yake, naondoka na maneno kumi na tano daftarini. Asubuhi nikipita na kumwambia neno moja kati ya hayo, ananiitikia kwa Kiswahili. Nilikuwa na daftari lililojaa, na hakuna mtu hata mmoja wa kuzungumza naye.

Siku moja nilikuwa sina hela. Jokofu la mteja lilikuwa limeniharibikia mikononi, nikalazimika kununua kompresa kwa fedha yangu. Nikaenda kumwambia kwamba wiki hiyo hakuna somo. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza. Akasogeza jiko la mkaa, akamimina chai ya maziwa kwenye kikombe chake mwenyewe, akanipa. Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Esile," akasema. "Hiyo ndiyo deni. Wewe unakuja na esile kila siku. Unachukua, unalipa, tumemalizana, unakwenda. Mimi nawezaje kukufundisha mtu ambaye kila siku tunamalizana?"

Nikamuuliza: kama si deni ni nini? Akanitajia neno la pili, osotua. Alinieleza kwa kuonyesha kitovu chake. Osotua ni kile kitovu cha mtoto na mama yake, na ni amani, na ni uhusiano wa watu wawili ambao mmoja akipungukiwa anamwomba mwenzake na mwenzake anampa, bila kuandika, bila kuhesabu, bila kurudishiana. Ng'ombe akitolewa kwa osotua hadaiwi. Unaomba unapohitaji kweli, wala hupaswi kuomba kilichozidi haja yako. "Leo umekuja huna kitu," akasema, "leo ndiyo nimekuona."

Miezi baadaye nilipopata Biblia ya Kimaasai nililikuta neno hilo hilo kwenye jalada la Agano Jipya: Osotua Ng'ejuk. Watafsiri walikuwa na maneno mengine ya kuchagua kwa ajili ya agano, wakachagua kitovu. Nililifunga lile jalada nikakaa nalo muda mrefu magotini. Miaka yote ya kusoma agano nilikuwa nimelifikiria kama mkataba wa nyumba: pande mbili, sahihi, mashahidi. Na mtu aliyenifungua macho alikuwa mlinzi niliyekuwa nikimlipa kwa saa.

Tangu usiku ule hatukufanya tena masomo. Nilikuwa nakuja kukaa. Wakati mwingine nakuja na chapati kutoka kwa mama ntilie wa pale Kumekucha, wakati mwingine nakuja mikono mitupu. Nikajua habari zake. Kwao ni Kiteto yenyewe. Ukame wa 2009 ulimchukulia baba yake ng'ombe karibu wote, wakabaki tisa, na yeye akiwa kijana mwenye mke mchanga akaja Dar kutafuta fedha ya kununua mitamba. Alidhani atakaa mwaka mmoja. Kila mwezi alikuwa anatuma kwa simu, na kila alipotuma aliniambia ni sehemu gani ya ng'ombe ameshanunua. Leo nimetuma mguu, kaka. Leo nimetuma ubavu.

Ndiye aliyenisahihisha lile neno "yero". Dar nzima tunawaita hivyo. Kwao "ero" ni mwito wa mkubwa kwa mvulana. Mtu aliyemzidi umri akimwita hivyo ni sawa, ni jinsi ya kumlea. Ila mtoto wa shule anayepita na begi mgongoni akimwita baba mwenye watoto wanne "yero", huyo baba anafanya nini? Anaitika, kwa sababu yuko kazini. Nilihesabu usiku ule ni mara ngapi nimemwita hivyo kwa miaka miwili. Nikamwomba radhi. Akasema nilikuwa sijui. Lakini tungekuwa tumeuliza, sisi ambao mtoto akimkosesha mkubwa shikamoo tunaona dunia imeharibika.

Maana kwao nako salamu ina ngazi. Mwanamume nilimwambia "Supai", naye akaitika "Ipa". Nikaenda Mwenge kwa mama mmoja auzaye shanga na dawa, nikamwamkia vivyo hivyo kwa furaha kubwa, akanyamaza akaendelea kutunga shanga zake. Nikarudia. Akaniambia kwa upole, kwa Kiswahili, "Baba, hiyo ni ya wanaume." Mwanamke anaamkiwa "Takwenya", naye anaitika "Iko". Mtoto hasemi kitu kabla, anainamisha kichwa na wewe unamgusa utosini. Nikaanza upya: "Yeyo, takwenya." Akaacha kazi, akaniangalia usoni, akaitika, na kuanzia siku hiyo sikupita Mwenge bila kukaa kwenye kigoda chake. Yeyo ni mama. Huwezi kumwita mtu mama halafu umpite.

Kulikuwa na jambo moja tulilokuwa tumefundishwa kwenye semina ya siku tatu, nami nalisema kwa kuwa lilinisaidia kuliko daftari: jifunze kidogo, ukitumie kwa watu wengi. Nilikuwa nachukua sentensi moja jioni, rafiki yangu ananirekebisha mpaka imekaa, kesho yake naifikisha kwenye kila geti kati ya Sinza na Mwenge. Ya kwanza ilikuwa inasema kwamba najifunza lugha yao, sijui zaidi ya hapo, kwa heri. Mageti ishirini, sentensi moja. Kufika geti la kumi ulimi umeshaizoea, na kufika la ishirini mtu ameshakuongezea ya pili. Baada ya mwezi mmoja walinzi walikuwa wananisubiri. Wengine walitoka na mabenchi.

Walicheka, ndiyo. Kicheko chao kilikuwa cha watu waliopokea kitu ambacho hawakutegemea kupewa. Nilijua tofauti yake kwa sababu naijua aina ile nyingine. Hawa ndugu zetu huigizwa kwenye vichekesho kwa namna wanavyochanganya ngeli za Kiswahili, nasi tunavunjika mbavu. Mimi nimevunjika mbavu. Nilipoanza kusoma lugha yao ndipo nilipoelewa kazi waliyofanya. Kwao nomino inaanzia kwa kiume au kike, ol- au en-, basi. Halafu mtu huyo anashuka kwenye basi Dar anakutana na m-wa, ki-vi, li-ya, na kila kitenzi kinadai kifanane na bwana wake. Amejifunza hayo yote bila mwalimu, akiwa macho usiku kucha, na sisi tumeona la kucheka.

Na upande wangu ulikuwa na milima yake. Kimaasai kinatanguliza kitenzi, halafu wanafuata mtendaji na mtendwa, na kinachokuambia yupi ni yupi ni sauti: kupanda na kushuka kwa toni. Herufi ni zile zile. Mimi masikio yangu hayakuwahi kuombwa kitu kama hicho. Mwezi wa tano niliwasimulia walinzi watatu habari ya Daudi alivyomuua simba aliyechukua kondoo wa baba yake. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilipomaliza walikaa kimya, nyuso zimeinama. Mmoja akauliza kwa huzuni ya kweli ni nani basi aliyebaki na wale kondoo. Kwa toni zangu, simba ndiye aliyekuwa amemuua Daudi. Rafiki yangu akanirudisha kwenye sentensi ile moja, tukaisema pamoja mpaka usiku wa manane, yeye akipandisha kidole hewani na kukishusha. Sikuwahi kuisahau. Neno la Mungu linaweza kugeuzwa kwa kushusha sauti mahali pa kupandisha, nami nilikuwa nataka kwenda kulihubiri bila kujua.

Lakini kuna kizuizi kimoja sikukiona kwa muda mrefu, na kizuizi hicho kilikuwa ni wema wa rafiki yangu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Kila nilipokwama aliniokoa. Nikitafuta neno kwa sekunde tano, ananipa kwa Kiswahili, tunaendelea. Hatukuwa na sababu ya kuteseka.

Sababu ilikuja Aprili ile ya mafuriko, Jangwani imejaa maji na mabasi ya mwendokasi yamesimama. Mdogo wake alifika kutoka Kiteto, kijana wa miaka kumi na minane hivi, hana Kiswahili zaidi ya "asante" na "bei gani". Akapata lindo geti la tatu kutoka kwangu. Kaka yake akanishika mkono akaniambia, "Huyu nakupa. Mfundishe mjini, naye atakufundisha nyumbani."

Hapo ndipo mwaka wangu ulipoanza kwa kweli. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtu ambaye nisipoongea lugha yake hatuongei. Usiku wa kwanza tulikaa saa mbili tukionyeshana vitu: tochi, kiatu, ukuta, paka, mwezi. Yeye neno lake, mimi langu. Alikuwa na haja kama yangu, na hakuna aliyekuwa mkubwa wa mwenzake. Nilimfundisha kuhesabu noti, kuuliza nauli, kukataa kubebeshwa mzigo ambao hajui una nini. Alinifundisha namna ya kuuliza mtu ametoka wapi na anakwenda wapi, habari za watoto, habari za mifugo. Sina mifugo, lakini aliniuliza kila siku kama nafuga, nami nikajifunza kujibu.

Usiku mmoja mvua ilianza tukiwa nje. Akainua uso akasema, "Enkai." Nikanyamaza, nikadhani anaomba. Nikainamisha kichwa nimsubiri amalize. Naye akanivuta shuka kunitoa kwenye maji, akarudia huku akionyesha juu: "Enkai!" Mvua. Neno ni lile lile. Enkai ni Mungu, na ni mbingu, na ni mvua. Kesho yake nilimuuliza kaka yake: sasa mdogo wako jana alikuwa anasema mvua au Mungu? Akafikiri. Akasema, "Kwani wewe unavitenganishaje?"

Na Enkai anaanza na en-, upande wa kike. Jambo hilo lilinisumbua wiki kadhaa, nakiri, nikaenda nalo kwa mchungaji. Akaniambia kwamba waliotafsiri Biblia walikuta Wamaasai wanamwita Mungu jina hilo tangu kabla mmisionari yeyote hajafika, wakaliacha lilivyo, na watu wakasali. Akanikumbusha na sisi wenyewe: Mungu halikuwa neno la wamisionari, lilikuwa la watu wa hapa. Nilitoka kwake nimetulia, ingawa bado kuna siku nalifikiria.

Ni yeye pia aliyenisimulia habari za mmisionari Krapf. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshamzika mke wake na kichanga chao. Akabaki. Akajifunza Kiswahili, na mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake, Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai. Mwaka 1854 alichapisha orodha ya maneno ya Wakwavi, ndugu wa Wamaasai, na kwenye jina la orodha hiyo lugha inaitwa engutuk. Rafiki yangu nilipomtajia neno hilo aligusa midomo yake. Enkutuk. Kinywa. Kwao lugha ni kinywa. Husemi "najifunza lugha ya watu fulani", unasema unajifunza kinywa chao. Nilipata picha ya yule mjane pale Rabai, amekaa na mtu mmoja, anatazama kinywa cha mwenzake siku baada ya siku.

Mwezi wa nane rafiki yangu alikwenda Kiteto kupeleka fedha ya mtamba wa nne. Siku ya pili yake, saa saba za usiku, dirisha langu liligongwa. Mdogo wake alikuwa amesimama kwa kushika ukuta, anatetemeka, mwili unawaka. Nikamfunga shuka la pili, nikaita bajaji, tukaenda hospitali.

Muuguzi aliuliza, nami nikawa kinywa. Sikuwa tayari, ila hapakuwa na mwingine. Kichwa: elukunya, ndiyo, kinamuuma. Tumbo: enkoshoke, ndiyo. Tangu lini? Tangu juzi. Ametumia dawa yoyote? Swali hilo nililitafsiri kwa kuzungukazunguka, kwa sababu neno la dawa sikuwa nalo. Akajibu, na ndani ya jibu nikasikia "olchani". Nilijua olchani ni mti. Nikamwambia muuguzi, anasema mti. Muuguzi akaacha kuandika: ameanguka kutoka juu ya mti? Nikamuuliza kijana kama ameanguka. Akatikisa kichwa, akarudia, olchani, akiweka mkono kama anakunywa kikombe. Na hapo Kiswahili changu mwenyewe kikanijia kutoka nyuma: mitishamba. Sisi nasi tunaita dawa mti. Alikuwa amechemsha mizizi akanywa, siku mbili mfululizo, kikombe kikubwa. Muuguzi akaandika hilo kwanza kabla ya mengine, akaita daktari. Ilikuwa malaria, na alikaa wodini siku tatu.

Nililala kwenye benchi usiku ule. Kila alipoamka aliita jina langu, ananiambia kitu, nami napata nusu. Nusu ilitosha. Aliporudi kaka yake, alikuja moja kwa moja kwangu kabla hajaweka mzigo chini. Hakusema asante, wala hakuniuliza nimetumia shilingi ngapi, nami sikumwambia. Tukanywa chai.

Baada ya hapo aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelihifadhi tangu Januari. Watu waliowahi kujifunza lugha yao, alisema, walikuwa na kitu wanatafuta: ng'ombe wa bei ya chini, ardhi, picha. Wewe unatafuta nini? Nilimwambia bila kuficha. Nataka kwenda kwenu kuwaambia watu habari za Yesu, na nataka kuwaambia kwa kinywa chao. Akaniambia mama yake anaimba kwaya Kiteto tangu yeye hajazaliwa. Yesu wanamjua. "Ila nenda," akasema. "Mwinjilisti wa kwetu amezeeka, na maboma ya mbali hayafikii. Nenda ukakae chini yake."

Nilikuwa nimejiona miaka yote nikipeleka taa mahali penye giza. Ilibidi niketi na jambo hilo. Lilinipunguza, na kwa kunipunguza likaniwezesha kwenda, kwa maana yule niliyekuwa mwanzoni, mwenye daftari na elfu tano, angekuwa mzigo kwa yule mzee.

Na nisiseme uongo kwamba nilisahau nilichokuja kufanya. Sikusahau. Lakini sikuweza tena kuutumia urafiki ule kama chambo. Tulisali pamoja getini mara nyingi, na mara nyingine wao ndio walioanza. Mzee mmoja wa ukoo wao alikuja Novemba kutibiwa macho, akakaa nao wiki mbili. Usiku wa kuondoka alitubariki. Alisema maneno mafupi mafupi, na kila akikata vijana waliitikia "Naai", nami nikaitikia nao. Mwisho akatema mate kidogo viganjani akanipaka kichwani. Mwanzoni mwa mwaka ule ningeruka nyuma. Nilisimama palepale, na nilijua nilichokuwa napewa.

Desemba nilipewa barua ya kwenda. Nikafunga vyombo, spana nikamwachia kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi. Usiku wa mwisho tulikaa getini sote watatu, ardhi bado imelowa mvua ya vuli. Rafiki yangu akampigia simu mama yake ili amwambie kuna mgeni atashuka stendi ya Kibaya, kisha bila kunionya akaniwekea simu sikioni.

"Yeyo, takwenya," nikasema.

"Iko," akaitika. Akaniuliza natoka wapi, watoto hawajambo, nina ng'ombe wangapi. Nikamjibu. Nikamwambia nina mke na binti mmoja, ng'ombe sina, na nitafika Alhamisi Mungu akipenda. Kukawa kimya mpaka nikaangalia kama simu imekatika. Kisha akasema jambo kwa haraka ambalo sikulipata, na rafiki yangu aliyekuwa ameegemea bega langu akanitafsiria taratibu.

Mama alikuwa akiuliza ni nani huyu anayeongea kwa kinywa cha mwanawe mdogo. Yule kijana ameng'olewa meno mawili ya chini kama wengi wa kwao, na kuna sauti zinazopitia pale pengoni zikitoka kwa mluzi mdogo. Mimi nina meno yangu yote. Sauti zile nilikuwa nimezichukua kwake jinsi zilivyo, mluzi na kila kitu, usiku baada ya usiku, bila kujua.

Kijana akaficha uso kwenye shuka lake. Mama akaendelea kuzungumza nami, sasa polepole kama mtu anayezungumza na mwanawe, na swali lake la mwisho nililielewa bila msaada. Aliuliza kama Enkai amefika huko Dar.

Nikamwambia ndiyo, Yeyo, tangu jana usiku.